Inakula Nini? Vali, Betri na Historia ya Sauti Mpanda

Mtu wa Mpanda, mkoani Katavi magharibi mwa Tanzania, aliyekwenda dukani kununua redio, tangu miaka ya 1960 na kwa miongo mingi iliyofuata, alikuwa na swali ambalo mwenzake wa Upanga au Oysterbay jijini Dar es Salaam hakuwa na sababu ya kuliuliza: inakula betri ngapi? Kitenzi chenyewe kinasema mengi. Redio ilihesabiwa kama mdomo mwingine nyumbani, na aliyeileta alijua kwamba kuanzia siku hiyo atailisha. Siku hizi wapenzi wa muziki wa nyumbani, wa Dar es Salaam, wa Nairobi na hata wa mikoani, wamerudi kuulizia priampu za vali, vile vyombo vyenye chupa za kioo zinazowaka wekundu hafifu gizani, na mazungumzo yao huanzia kwenye utamu wa sauti na kuishia huko huko. Hoja ya makala hii ni kwamba swali la Mpanda lina akili kuliko hayo yote. Historia ya sauti katika mji huu inaonyesha kwamba chombo hakikai kwa watu kwa sababu ya uzuri wa mlio wake peke yake; hukaa pale chakula chake kinapopatikana. Anayechagua priampu ya vali leo, awe Makanyagio ya Mpanda au Masaki ya Dar es Salaam, atachagua vizuri akianzia hapo.

Ili hoja ieleweke, lazima kwanza tujue vali inakula nini. Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake kuna kijiti cha chuma kinachopashwa moto hadi kitoe elektroni, kuna bamba la kuzipokea, na katikati kuna wavu wa waya unaozizuia au kuziachia kwa kadiri ya ishara inayoingia. John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza vali ya kwanza, isiyo na wavu, mwaka 1904. Lee de Forest wa Marekani akauongeza wavu wa katikati mwaka 1906, na huo ndio uliofungua njia ya kukuza ishara dhaifu. Priampu ni hatua ya mwanzo ya ukuzaji huo. Sindano ya sumaku ya kuchezea santuri hutoa milivolti 5 hivi, wakati amplifaya kubwa inayosukuma spika huhitaji takriban volti 1. Mtu wa kati anayebeba ishara kutoka huku hadi kule ndiye priampu. Vali inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940. Hita yake inataka volti 6.3 na ampea 0.3, yaani karibu wati 2. Bamba linataka volti 250 hivi, lakini mkondo wake ni kama miliampea 1 tu kwa kila nusu ya vali. Kwa hiyo kazi yenyewe ya kukuza sauti haifikii wati 1, na kuchemsha peke yake kunakula zaidi ya maradufu ya hiyo. Vali ni mpishi anayewasha jiko kubwa kukaanga yai moja, na jiko haliruhusiwi kuzimika hadi muziki uishe.

Mpanda ya kisasa ni mji uliozaliwa na mgodi. Madini ya risasi yalijulikana huko tangu miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Uruwira Minerals ikaanza kuyachimba kwa kiwango kikubwa, pamoja na shaba, fedha na dhahabu iliyoandamana nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilijengwa reli ya kilometa 210 hivi kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, kuja kuchukua mzigo huo. Mgodi wa namna hiyo, wenye mitambo ya kuponda mawe na pampu za kukausha mashimo, hauendi bila umeme wake wenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na mazingira ya vali: nyumba yenye waya ukutani, redio kubwa ya mbao, nusu dakika ya kungoja hita zipate moto ndipo sauti ijitokeze polepole. Popote penye jenereta, iwe mgodini, misheni au bomani, redio ya namna hiyo iliweza kuishi. Nje ya visiwa hivyo vichache vya umeme haikuwa na maisha. Anayesema vali zilikuwapo Mpanda hajakosea. Ila zilikuwapo kwa wenye waya, na wenye waya walikuwa wachache. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa, na kisiwa kikubwa kuliko vyote kikapoteza sababu ya kuwapo. Reli ikabaki.

Kuna atakayepinga kwamba vali haikuwa lazima ifungwe kwenye umeme wa ukutani. Ni kweli, na jaribio kubwa la kuthibitisha hilo lilifanyika jirani tu, ng'ambo ya mpaka wa kusini, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini na ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1949 afisa habari wa serikali ya huko, Harry Franklin, aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya bei nafuu kwa ajili ya wasikilizaji wa Kiafrika. Ilikuwa ya duara, yenye ganda la alumini kama sufuria, na ndivyo ilivyopata jina la redio ya sufuria. Ndani yake kulikuwa na vali nne ndogo zisizotaka umeme wa nyumbani; aina hiyo ya vali hupashwa moto kwa volti 1.4, na bamba hulishwa na betri kavu ya volti 90. Redio iliuzwa pauni 5, betri shilingi 25, na betri hiyo ilidumu saa 300 hivi. Tupige hesabu kama ambavyo mwenye nyumba angepiga. Kwa saa 3 kila jioni, betri inakwisha baada ya siku 100. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo betri moja ilikuwa robo kamili ya bei ya redio, na aliyeilisha mara nne alikuwa amenunua redio ya pili bila kuiona. Tena betri ile haikuwa na kazi nyingine: haikuingia kwenye tochi wala haikuuzwa mojamoja. Ilipokwisha katikati ya masika, mtu alingoja ya pili kutoka mbali huku redio ikikaa rafuni kama pambo. Redio ya sufuria ilipendwa kweli, na ilithibitisha kwamba wanavijiji walikuwa tayari kulipa ili wasikie. Ilithibitisha pia kwamba vali, hata ikipunguzwa kiasi gani, bado ni mlaji mkubwa kwa mfuko wa mkulima.

Transista ilibadilisha hesabu hiyo kwa sababu haikuhitaji jiko. Ilibuniwa katika maabara ya Bell huko Marekani Desemba 1947, redio ya kwanza ya mfukoni ya transista ikauzwa mwaka 1954, na Wajapani wakaisambaza dunia nzima miaka michache baadaye. Bila hita na bila volti 90, redio ikaridhika na volti 6 au 9, na volti hizo zilitoka kwenye betri zile zile za tochi ambazo kila duka la kijijini lilikuwa nazo. Hapa ndipo historia ya Mpanda inapoachana na historia ya London au Chicago. Huko, watu walikuwa na umeme na vali kwa miaka 30 kabla ya transista, na transista iliwajia kama punguzo la uzito. Mpanda, kwa walio wengi, transista ilitangulia umeme. Mgodi umefungwa mwaka 1960, uhuru umepatikana Desemba 1961, na katika miaka hiyo hiyo ndipo redio ndogo za betri zinaenea. Kabla muongo haujaisha, kampuni ya Matsushita ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam kilichotengeneza redio na betri za National, na Philips nao walikuja kuunganisha redio Arusha. Reli iliyojengwa kupeleka risasi pwani ikawa inaleta betri bara.

Uchumi mzima wa nyumbani ukajengwa juu ya betri hizo. Taarifa ya habari ilipewa betri kwanza. Muziki ulipewa kilichobaki. Betri zilizochoka hazikutupwa. Zilitolewa asubuhi, zikapangwa juu ya bati au juu ya jiwe zipigwe na jua la saa sita, na jioni zikarudishwa redioni kutoa nusu saa nyingine ya sauti, kwa kuwa joto na mapumziko huiamsha kidogo kemia iliyolala ndani ya betri kavu. Baadaye zikachanganywa kuukuu na mpya, au zikaongezwa nje ya redio kwa waya na ukanda wa mpira wa baiskeli. Mtu akiitazama mistari ile ya betri juani, anaona elimu kamili ya umeme iliyofundishwa na uhaba: kwamba nguvu hupimwa, huhifadhiwa na hugawanywa. Hakuna kijitabu cha priampu kinachoieleza vizuri zaidi.

Hata hivyo ingekuwa kosa kusema kwamba Mpanda haikuijua vali. Iliijua kila jioni, ila kutoka upande wa pili. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, mwanzoni yakisikika jijini na jirani zake. Mwaka 1956 yakawa chini ya Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na kuliita Radio Tanzania Dar es Salaam. Mitambo ya masafa mafupi yenye nguvu za kufika magharibi mwa nchi ilikuwa, kama mitambo yote ya enzi hiyo popote duniani, mitambo ya vali, na baadhi ya vali hizo ni kubwa kiasi cha kupozwa kwa feni au maji. Transista za wakati huo hazikuweza kubeba nguvu kama hizo. Kwa hiyo mgawanyo ulikuwa huu: vali ilikaa Dar es Salaam palipo na umeme, transista ikakaa Mpanda pasipo nao, na katikati kukawa na anga. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili maji, malaria na vyoo. Kila kikundi kilihitaji redio moja yenye betri hai. Hakuna serikali ambayo ingeweza kupanga jambo kama hilo kwa redio za vali katika vijiji visivyo na nguzo za umeme. Kila chombo kilikuwa mahali ambapo chakula chake kilikuwapo, na ndiyo maana mfumo mzima ulifanya kazi.

Hapa mpenzi wa vali ana pingamizi lake kubwa, nalo linastahili jibu. Atasema: hayo ni mambo ya matumizi, sisi tunazungumzia sauti. Vali hutoa sauti yenye joto, yenye mwili, na muziki wa zamani, wa bendi ya NUTA Jazz au ya Tabora Jazz, ulipendeza kwa sababu hiyo. Sehemu ya hoja hii ni kweli. Vali ikizidiwa kidogo huongeza kwenye noti mwangwi wake wa oktava ya juu, na sikio la binadamu hulipokea ongezeko hilo kama unene wa sauti kuliko kama kasoro. Vyombo vya kurekodia vya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 vilitegemea vali, kwa hiyo alama yake imo ndani ya kanda nyingi za wakati ule. Lakini angalia muziki huo ulivyofika Mpanda. Ulipita masafa mafupi, ambayo hubeba sauti hadi hezi 4,500 hivi na kukata zilizobaki, wakati sikio changa husikia hadi 20,000. Ukapita anga inayopanda na kushuka. Ukatokea kwenye spika ndogo isiyozidi kiganja. Joto ambalo msikilizaji wa Katavi analikumbuka lilitokana na kukatwa kwa noti za juu, na sanduku la mbao, na ukimya wa usiku usio na mashine. Vali iliyokuwa umbali wa kilometa 900 hivi ilichangia kidogo sana. Anayenunua priampu ya vali akidhani ananunua kumbukumbu hiyo, atapata kitu kizuri, ila hakitakuwa kile alichokifuata. Na kama vali imekwisha kuwamo ndani ya rekodi, kuipitisha rekodi hiyo kwenye vali nyingine ni kutia sukari kwenye chai iliyokwisha kutiwa.

Baada ya betri kavu ilikuja betri ya gari, na hapa historia ya Mpanda ina mzunguko wa ajabu. Mabamba ya betri ya gari ni ya risasi, madini yale yale yaliyouzaa mji. Risasi ya Mpanda ilisafirishwa nje, mgodi ukafungwa, na miaka baadaye risasi ikarudi kwa jina la betri ya N50 au N70, imebebwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwenda kuchajiwa kwa mwenye jenereta. Ikawasha redio kaseti, kisha televisheni ndogo, kisha, ilipounganishwa na paneli ya sola, ikawasha sabufa. Katika sehemu nyingi za vijijini spika ya gari iliwekwa kwenye mdomo wa mtungi ili besi ijae; udongo ulifanya kazi ya ukuzaji bila kuomba hata wati moja. Mji wenyewe kwa miaka mingi uliwashwa na majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, TANESCO, nje ya Gridi ya Taifa, hadi ulipojengwa msongo wa kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Mkono uliozungusha gramafoni ya springi, betri kavu, betri ya gari, sola, kisha gridi: hiyo ndiyo orodha ya enzi za sauti Mpanda. Kila enzi imepewa jina la chanzo chake cha nguvu, na hakuna iliyopewa jina la mlio wake.

Sasa tulete historia hii kwenye rafu ya anayechagua. Jambo la kwanza inalofundisha ni kwamba katika mnyororo wa muziki, priampu ndipo mahali ambapo vali hula kidogo kuliko pengine. Yenye ECC83 mbili au tatu, pamoja na transfoma na hasara zake, kwa kawaida inakula kati ya wati 20 na 40. Betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100 ina saa-wati 1,200. Ya risasi isishushwe chini ya nusu, basi zinabaki 600, na chombo cha wati 30 kitaimba saa 20 kabla ya kuhesabu kinachomezwa na inveta na amplifaya. Hilo linabebeka. Amplifaya kubwa ya vali, inayokula wati 150 hata wimbo ukiwa kimya, haibebeki hivyo. La pili ni usafi wa chakula. Inveta ya bei rahisi hutoa wimbi la mraba, na transfoma ya priampu huligeuza kuwa mngurumo ndani ya spika. Inatakiwa inveta ya wimbi safi. Hita hutaka volti isiyopanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo penye umeme unaochezacheza stebilaiza haiepukiki. Chombo kilichotoka Marekani kinataka volti 120, wakati yetu ni 230. La tatu ni vipuri. Betri ya National ilishinda kwa sababu ilikuwa kwenye duka la jirani; vali mpya leo hutengenezwa hasa Slovakia, Urusi na China. Mwenye busara huchagua priampu inayotumia ECC83 au ECC82, zinazotengenezwa na viwanda vingi, na kununua jozi ya akiba siku ile ile. Yenye vali adimu iliyosifiwa na wachache ni ile redio ya sufuria iliyokaa rafuni ikingoja betri yake. La nne ni usalama: volti 250 na zaidi hukaa ndani ya kapasita hata baada ya kuzima, na fundi aliyezoea redio za volti 6 lazima aambiwe hivyo kabla hajafungua boliti.

Pingamizi la mwisho ni kwamba gridi imefika, kwa hiyo historia hii imekwisha kazi: Mpanda sasa ni kama mji mwingine wowote, na swali la betri lihifadhiwe makumbusho. Lakini kufika kwa umeme kumebadilisha jibu bila kulifuta swali. Hata mwenye waya bado analipia uniti, bado anakatiwa, bado anaona taa zikififia jioni. Na lipo swali la zamani zaidi chini yake. Priampu ilizaliwa kwa sababu sindano ya santuri ilitoa milivolti 5. Kicheza CD hutoa hadi volti 2, na simu hutoa ya kutosha kuiendesha amplifaya moja kwa moja. Kwa wasikilizaji wengi kazi ya priampu leo ni kupunguza sauti na kuchagua chanzo. Asiye na santuri, basi, ananunua ladha, na ladha si dhambi, mradi ajue kwamba anaichomea kuni. Walioanika betri zao juu ya bati walilijua hilo bila kusoma jedwali la ECC83. Kwa hiyo muuzaji akimaliza kulisifu joto la sauti, mnunuzi na amwitikie kwa heshima, kisha amuulize kama walivyouliza wazee wa Mpanda: inakula nini, na chakula chake kinapatikana wapi?